Ubichi Uliopikwa: Kilichomo Ndani ya Albamu za Panki

Kwa karibu mwezi mzima niliamini kwamba bendi ya Ramones haikuwa na mpiga besi. Hedifoni zangu zilikuwa zimekufa upande wa kushoto, na albamu yao ya kwanza nilikuwa naisikiliza ndani ya daladala, asubuhi na jioni, nimebanwa kati ya begi la mtu na kiwiko cha mwingine. Nilichosikia ni gitaa linalounguruma kama mashine ya kusaga, ngoma, na jamaa anayeimba kama ana mafua. Nikajisemea, hawa kweli wahuni, besi wameitupa jalalani. Siku nilipoazima hedifoni nzima za binamu yangu, besi ikaibuka sikio la kushoto, nzito na changamfu, kama mgeni aliyekuwa amekaa sebuleni siku zote ila hakuna aliyempa shikamoo.

Sababu niliijua baadaye. Katika albamu hiyo, iliyotoka Aprili 1976, besi ya Dee Dee imewekwa kushoto, gitaa la Johnny kulia, na katikati wamebaki Tommy na ngoma zake pamoja na Joey na sauti yake. Kuvigawa vyombo namna hiyo ni mtindo wa rekodi za stereo za mwanzoni, enzi za akina Beatles, na mwaka 1976 ulikuwa umeshapitwa. Ramones na prodyuza wao, Craig Leon, waliufufua kwa kusudi. Yaani kitu ambacho mimi nilidhani ni fujo kilikuwa kimepangwa hadi sikio la kukisikilizia.

Tangu hapo nimekuwa na shaka na ile hadithi inayosimuliwa kila panki, huu muziki wa rock wa kasi na kelele wanaoupiga Ramones, inapotajwa: vijana wasiojua kupiga waliingia studio, wakapiga kelele, wakatoka, na dunia ikabadilika. Hadithi tamu, na ina chembe ya ukweli. Lakini ukizikalia albamu zenyewe, moja baada ya nyingine, unakuta ubichi ule umepikwa. Kila bendi ina jiko lake, na majiko hayafanani.

Kwanza neno lenyewe. Wengi wetu tulilijua kwa kinyozi kabla ya kulijua kwenye muziki. Panki ilikuwa nywele zilizosimama juu, ambazo mwalimu wa nidhamu alizishughulikia kwa mkasi. Kwa Kiingereza cha Marekani lilikuwa tusi la muda mrefu kwa mtu duni, mhuni, asiye na thamani, na waandishi wa muziki wakaliokota mwanzoni mwa miaka ya 1970 kuelezea bendi za rock za vijana wa mitaani. Ukitazama jalada la ile albamu ya Ramones, hata hivyo, hukuti nywele zilizosimama. Ni vijana wanne wenye nywele ndefu zilizoshuka hadi machoni, majaketi ya ngozi na jinzi zilizochanika magotini, wameegemea ukuta wa matofali, picha nyeusi na nyeupe iliyopigwa na Roberta Bayley. Ile mitindo ya kwenye kadi za posta za London ilikuja baadaye.

Twende jikoni kwa Ramones, maana ndiko kwenye somo lililo wazi kuliko yote.

Walikuwa vijana wa Forest Hills, mtaa wa watu wa kipato cha kati huko Queens, New York. Hawakuwa ndugu, jina la ukoo walijipachika wote wanne kutokana na jina la bandia ambalo Paul McCartney aliwahi kulitumia, Paul Ramon. Walirekodi albamu yao Februari 1976 kwa muda wa kama wiki moja, kwa dola 6,400 hivi, katika studio iliyokuwa ndani ya jengo la Radio City Music Hall. Nyimbo 14, na zote pamoja hazifiki dakika 30. Hakuna hata mmoja unaofika dakika tatu.

Siri ya kwanza iko kwenye mkono wa kulia wa Johnny. Mpiga gitaa wa kawaida hupiga nyuzi akishuka na kupanda, chini-juu, chini-juu, kwa sababu ndivyo mkono unavyopumzika. Mpiga ridhim wa bendi zetu za dansi anaishi humo. Pigo la kupanda ni jepesi kuliko la kushuka, na tofauti hiyo ndiyo inayokufanya uyumbe kiuno. Johnny aliufuta wepesi huo. Alipiga kwa kushuka tu. Kila pigo lina uzito sawa na lililopita, hakuna la kupumzikia, hakuna la kuyumbia. Wimbo wa kwanza wa albamu hiyo unakwenda kwa zaidi ya mapigo 170 kwa dakika, na ndani ya kila pigo mkono unashuka mara mbili. Piga hesabu, ni karibu mara sita kwa sekunde moja.

Nililijaribu hilo nyumbani kwa gitaa la kuazima. Sekunde thelathini za mwanzo nilijiona shujaa. Kufika dakika moja, misuli ya juu ya kiganja ikaanza kuwaka kama niliyekuwa nakuna nazi ya shughuli. Kabla ya dakika mbili nilikuwa nimeshaanza kuiba, napenyeza pigo la kupanda hapa na pale, na pale pale wimbo ukalegea. Ukageuka wimbo wa kawaida tu, wa mtu aliyekaa vizuri kwenye kochi. Jukwaani Johnny alifanya kazi hiyo nusu saa na ushee, wimbo juu ya wimbo, bila kusimama kusalimia watu. Ukimwambia mtu huyo hajui kupiga gitaa, basi na mbio za marathoni ni za watu wasiojua kukimbia mita mia. (Najua, msikilizaji wa singeli wa Manzese atacheka kusikia mapigo 170 yanaitwa kasi. Lakini singeli inaendeshwa na kompyuta. Hapa ni kiwiko cha binadamu.)

Mkono wa kushoto nao ulikuwa na kazi nyepesi kwa makusudi. Kodi za gitaa, yale mafungu ya noti zinazopigwa pamoja, sizungumzii hizi za TRA, alizibana kwa umbo moja la vidole, kidole cha kwanza kikilala juu ya nyuzi zote sita, kisha umbo hilo likahamishwa juu na chini ya shingo ya gitaa. Hakuna mapambo katikati. Solo hakuna kabisa, au iko ya noti moja inayorudiwa. Mpiga solo wa sebene anahesabu ufundi wake kwa noti alizozijaza. Johnny alihesabu kwa alizozikataa.

Nyuma yake alikuwa Tommy, mzaliwa wa Budapest, jina lake halisi Tamás Erdélyi. Tommy hakuwa mpiga ngoma. Alikuwa aiongoze bendi kutoka pembeni, kama meneja. Wakawa wanawajaribu wapiga ngoma, na kila aliyekuja alipiga kupita kiasi, anajaza, anarembesha, kama kawaida ya watu wa rock. Mwisho Tommy akakaa kwenye kiti mwenyewe, akapiga kile kilichohitajika na si zaidi. Mara nyingi nadhani yeye ndiye aliyeielewa bendi hiyo kuliko wote.

Na juu ya mashine hiyo yote, Joey anaimba nini? Nyimbo tamu za mapenzi ya kitoto. Hapa ndipo wengi wanapopotea. Ule mwito maarufu unaofungua albamu, wa silabi nne ambao leo hupigwa hata kwenye viwanja vya michezo Marekani, ulizaliwa kwa kuigiza mwito wa Bay City Rollers, bendi ya vijana wazuri wa sura kutoka Uskochi waliokuwa wakipendwa na wasichana wa shule. Chini ya kelele za Ramones kuna muziki wa pop wa miaka ya 1960, vikundi vya wasichana, nyimbo za ufukweni. Ondoa gitaa, mwachie Joey na piano, unabaki na wimbo ambao mama yako angeuimba akifua. Kelele peke yake inachosha baada ya nyimbo tatu. Kilichoifanya albamu hiyo isichoshe ni kwamba kuna kiitikio unachoweza kukidaka mara ya kwanza, na kiitikio hicho kimefungwa kwenye waya wa miiba.

Kuhusu kelele yenyewe, kuna jambo la kiufundi ambalo linaeleza mengi. Amplifaya ina kikomo cha nguvu inayoweza kubeba. Ukiisukuma kupita kikomo hicho, vilele vya wimbi la sauti vinakatwa, kama mtu mrefu anayegonga kichwa kwenye dari, na kule kukatwa kunazaa sauti nyingine juu ya ile ya awali. Ndiyo mkwaruzo tunaousikia. Sikio la binadamu limejifunza kwamba mkwaruzo maana yake ni kitu kikubwa kimezidiwa. Mtu akikupigia simu huku anapiga kelele, unaweza kupunguza sauti ya simu hadi chini kabisa na bado ukajua kwamba huko aliko anafoka. Vivyo hivyo na gitaa la panki: hata ukilisikiliza kwa sauti ya chini usiku ili usimwamshe mtoto, bado linakuambia kwamba mahali fulani, siku fulani, chumba kilitetemeka. Nguvu iko ndani ya umbo la sauti, haitegemei kitufe cha redio yako.

Mbinu hiyo haikuanza mwaka 1976. Mwaka 1970 bendi ya Stooges, kutoka Michigan, iliingia studio ya Elektra mjini Los Angeles kurekodi albamu iliyoitwa Fun House. Prodyuza wao, Don Gallucci, aliona kwamba bendi hiyo ilikuwa ya jukwaani, na studio safi ingeiua. Basi wakaachana na utaratibu wa kumfungia kila mpigaji kwenye kona yake. Wakapiga wote pamoja chumba kimoja, Iggy Pop akiimba na maiki mkononi kama yuko mbele ya watu. Kwa anayezijua zilipendwa si jambo geni. Hata bendi zetu zilizokwenda kurekodi Redio Tanzania zilipiga pamoja, mwimbaji akikohoa mnarudia wote. Uhondo ni huu: mwaka 1999 ilitolewa seti ya sandarusi (CD) yenye kila jaribio walilorekodi katika siku hizo. Wimbo mmoja, unaosikika kama kitu kilichowatoka ghafla, waliupiga zaidi ya mara 20. Walikuwa wakiitafuta ile ajali kwa bidii, wakirudia na kurudia mpaka iwakute.

Sasa London. Sex Pistols ndio jina linalomjia kila mtu kichwani, na jiko lao ndilo linalonishangaza zaidi, kwa sababu albamu yao moja tu ya studio, ya Oktoba 1977, imejengwa kinyume kabisa na sifa yake.

Lakini kabla ya albamu kuna kisa, na mtu wa Unguja ana haki ya kukisikia. Jioni ya tarehe 1 Desemba 1976 kipindi cha Today cha televisheni ya Thames, kikiongozwa na Bill Grundy, kilikuwa kimewapangia nafasi Queen. Queen wakajitoa dakika za mwisho. Kampuni ya EMI, iliyokuwa na mkataba na bendi zote mbili, ikawapeleka Sex Pistols kuziba pengo. Grundy akawachokoza, nao wakatukana hewani, saa ambayo familia ziko mezani. Kufumba na kufumbua bendi iliyokuwa inajulikana na watu mia kadhaa ikawa kurasa za mbele za magazeti ya nchi nzima. Mwimbaji wa Queen alikuwa nani? Farrokh Bulsara, mzaliwa wa Zanzibar mwaka 1946, yule ambaye dunia inamwita Freddie Mercury. Kiti ambacho panki ya Uingereza ilipata umaarufu wake, basi, kilikuwa kimewekwa kwa ajili ya mtoto wa Mji Mkongwe.

Wakakutana tena. Mwaka 1977 Sex Pistols na Queen walikuwa wakirekodi katika jengo moja, studio za Wessex kaskazini mwa London. Sid Vicious wa Sex Pistols akamfuata Freddie kumdhihaki juu ya mazungumzo yake ya kupeleka baleti kwa umma. Freddie, ambaye hakuwahi kukosa neno, akamgeuzia jina lake la ukali kuwa kichekesho na kumwita Simon Ferocious. Kisa hicho husimuliwa kwa namna tofauti, kila msimulizi akiongeza chumvi yake, lakini kiini hakibadiliki. Kinachonivutia mimi ni ule ukaribu. Vitabu vya historia vinaziweka bendi hizi mbili kwenye kingo mbili za mto. Ukweli ni kwamba zilipishana koridoni na kungoja chai mahali pamoja.

Na ukisikiliza kwa sikio la fundi, hazikuwa mbali sana hata kimuziki. Sid, mpiga besi, alikuwa hajui kupiga besi, na sehemu ya muda huo alikuwa hospitalini akiumwa homa ya ini. Karibu besi yote ya albamu hiyo ilipigwa na mpiga gitaa, Steve Jones. Jones hakuwa na mbwembwe za besi. Alifuata noti za msingi za gitaa lake mwenyewe, hatua kwa hatua, hivyo besi na gitaa vikaungana kuwa kitu kimoja kipana. Halafu prodyuza Chris Thomas na fundi mitambo Bill Price wakamwambia arekodi gitaa lile lile tena juu ya la kwanza, na tena. Ifikirie kwaya. Watu kumi wanaimba sauti moja, ila hakuna anayelingana na mwenzake kwa unywele. Mmoja anawahi kidogo, mwingine yuko chini kidogo, na tofauti hizo ndizo zinazoifanya kwaya isikike kubwa kuliko mtu mmoja aliyepewa spika kubwa. Ndivyo alivyojengwa Jones. Thomas alikuwa amefanya kazi na Pink Floyd, bendi ambayo Johnny Rotten, mwimbaji wa Sex Pistols, alivaa fulana ya kutangaza kuichukia.

Kwa hiyo tunaambiwa hii ndiyo albamu chafu kuliko zote, na kumbe ni moja ya rekodi zilizopigwa pasi vizuri kuliko nyingi za wakati wake. Uchafu wote uko kwenye koo la Rotten: anavyoikwaruza herufi R, anavyouvuta mwisho wa neno mpaka linageuka kejeli. Hakubahatisha. Kipaji chake kiligunduliwa Agosti 1975 dukani kwa meneja wao, Malcolm McLaren, King's Road, alipoambiwa aigize kuimba juu ya wimbo wa Alice Cooper uliokuwa ukipigwa na mashine ya santuri. Ukuta laini wa magitaa, na mbele yake mtu mmoja anayeparura. Ukuta ungekuwa na nyufa, mparuro wake usingesikika.

Mambo ya nje ya muziki ninayapitia haraka, maana yameandikwa hadi yamechakaa. EMI wakawatema Januari 1977. Kampuni ya A&M wakawasainisha Machi mbele ya kasri la Buckingham na kuwafukuza baada ya kama wiki moja. Virgin ndio waliotoa wimbo wao juu ya Malkia wakati wa sherehe za miaka 25 ya utawala wake. BBC ikaupiga marufuku, nao ukafika namba mbili. Albamu ilipotoka, meneja wa duka moja la santuri mjini Nottingham alishtakiwa kwa sababu ya neno la mtaani lililomo katika jina la albamu hiyo, na upande wa utetezi ukamleta profesa wa Kiingereza kueleza asili ya kale ya neno hilo, kwamba liliwahi kutumika hata kwa mapadri. Mahakama ikamwachia. Jambo moja tu nitaongeza: Uingereza ya mwaka 1976 ilikuwa na watu zaidi ya milioni moja wasio na kazi, na serikali ilikwenda kukopa IMF. Sisi tunaozijua nchi zinazokwenda kukopa IMF tunaelewa vizuri kwa nini kijana alikuwa na hasira bila kuelezwa mengi.

The Clash, bendi nyingine ya London, walichagua njia ya haraka. Albamu yao ya kwanza, ya Aprili 1977, waliirekodi kwa wikiendi tatu na pauni 4,000, na prodyuza alikuwa fundi wao wa sauti wa jukwaani, Mickey Foote. Ni nyembamba, inapiga kelele masikioni kama bati linaloburutwa. Tawi la Marekani la kampuni ya CBS lilikataa kuitoa kwa madai kwamba haifai redioni. Wamarekani wakaagiza nakala kutoka Uingereza, zaidi ya 100,000. Mwandishi wa maneno mengi ya hasira ya mtaani humo ndani, Joe Strummer, alikuwa mtoto wa mwanadiplomasia, aliyezaliwa Ankara na kusomeshwa shule ya bweni. Wapo wanaolitoa hilo kama ushahidi wa unafiki. Kwangu ni ushahidi mwingine wa jiko: sauti ile ya mtaa ilitafutwa, ikafanyiwa mazoezi, ikavaliwa, na ilipomkaa vizuri hakuivua tena.

Wimbo unaonirudisha kwenye albamu hiyo, hata hivyo, hauna haraka yoyote. Ni wa dakika sita, wimbo wa reggae wa Mjamaika Junior Murvin uliotengenezwa na Lee "Scratch" Perry mwaka 1976, juu ya polisi na wezi. Kwa nini bendi ya nyimbo za dakika mbili ichukue wimbo mrefu wa reggae? Kwa sababu London ile vijana wa panki na Wajamaika walikuwa wakiishi mtaa mmoja. Katika klabu ya Roxy, mahali pa kwanza pa panki mjini humo, mpiga santuri alikuwa Don Letts, mtoto wa wazazi Wajamaika. Santuri za panki zilikuwa bado hazijawa nyingi kiasi cha kujaza usiku mzima, basi yeye akawapigia reggae, na wakaizoea mpaka ikawa yao. Bob Marley akajibu mwaka 1977 kwa wimbo uliowataja The Clash kwa jina. Reggae iliwafundisha kitu ambacho kasi haiwezi kufundisha: pa kunyamaza. Sikiliza namna magitaa mawili katika wimbo huo yanavyopokezana, moja likipiga hapa, jingine likisubiri zamu yake. Miaka miwili na ushee baadaye, Desemba 1979, somo hilo likawa limeiva kwenye London Calling, albamu ya santuri mbili iliyouzwa kwa bei ya moja, yenye kila kitu ndani. Wapenzi wengine wa panki huihesabu kama usaliti. Waache.

Kuna sauti moja ambayo msomaji wa pwani hii asiipite. Marianne Elliott-Said alizaliwa mwaka 1957, mama mzungu wa Uingereza, baba Msomali. Siku alipotimiza miaka 19 aliwaona Sex Pistols wakipiga kwenye gati la Hastings, ukumbini watu wachache, akarudi London na kuweka tangazo gazetini kutafuta wapigaji. Akajiita Poly Styrene, jina la plastiki, na bendi akaiita X-Ray Spex. Albamu yao, Germfree Adolescents ya mwaka 1978, ina saksafoni mahali ambapo wengine waliweka gitaa la pili, saksafoni inayopiga honi kama basi la mkoani linalodai njia. Na juu yake sauti ya Poly, kali, isiyoomba radhi, ya binti mwenye waya kwenye meno anayeimba juu ya sabuni, plastiki, matangazo ya biashara na hofu ya vijidudu. Wakati wanaume wa panki walikuwa wakiimba juu ya Malkia, yeye aliimba juu ya supamaketi. Nadhani ndiye aliyezeeka vizuri kuliko wote. Alifariki 2011.

Hadithi ya "hawajui kupiga" inavunjika kabisa ukifika Washington. Bad Brains, vijana wanne weusi, walianza kama bendi ya jazz iliyochanganywa na rock, muziki wa watu wanaohesabu mapigo kwa vidole na kusoma noti ngumu. Walipoigeukia panki hawakushusha ufundi wao. Waliuelekeza kwenye kasi. Albamu yao ya kwanza ilitolewa Februari 1982 na kampuni ya ROIR kwa kaseti tu, jalada la njano, radi ikipasua kuba la jengo la Bunge la Marekani. Nyimbo zinapita kwa kasi ambayo bendi nyingine ingeanguka na kuvunjika meno, lakini wao wanasimama ghafla wote kwa sekunde ile ile, wanageuka, wanaondoka tena. Kisha, bila kukuaga, unakuja wimbo wa reggae wa taratibu, maana walikuwa Marasta. Ukiisikiliza kaseti hiyo mwanzo hadi mwisho unapumua pale walipokupangia kupumua.

Na huko Detroit, kabla ya Ramones kutoa chochote, ndugu watatu weusi wa familia ya Hackney walikuwa wamesharekodi mwaka 1975 muziki wa aina hii hii chini ya jina Death. Kampuni kubwa ikavutiwa na muziki ila ikataka wabadili jina. David, kaka mkubwa, akakataa. Wakachapisha wenyewe nakala 500 za santuri moja ndogo mwaka 1976, na kazi iliyobaki ikakaa kwenye boksi mpaka mwaka 2009 ilipotolewa kama albamu, David akiwa ameshafariki. Kwa hiyo tunapotamka kwamba panki ilianza mahali fulani mwaka fulani, tunazungumzia zilizofika dukani.

Kuna mambo ya albamu hizi ambayo sijaweza kuyameza, na sioni haja ya kuyafunika. Alama za Wanazi walizovaa baadhi yao kwa ajili ya kushtua, Sid akiwa mmojawapo, zilikuwa utoto wa kijinga wakati huo na zimebaki hivyo. Na nyuma ya kila albamu niliyoitaja zipo nyingine kibao zilizochukua kasi bila kiitikio, mkwaruzo bila mkono wa Johnny wa Ramones. Hizo ni mbichi kweli, kama muhogo usioiva, na hazilali tumboni vizuri.

Zilizobaki zimebaki kwa sababu ya kazi iliyofichwa. Ile ya Ramones, ilipotoka, iliishia namba 111 kwenye chati ya Billboard. Haikuwapa utajiri. Walizunguka na gari lao miaka 20, zaidi ya maonyesho 2,000, wakizitazama bendi zilizojifunza kwao zikiwapita. Joey akafariki 2001, Dee Dee 2002, Johnny 2004. Watu wakaendelea kuinunua, mmoja mmoja, mwaka hadi mwaka, hadi Aprili 2014 ilipotimiza nakala 500,000 huko Marekani na kutunukiwa dhahabu, miaka 38 baada ya ile wiki moja ya studio. Aliyekuwa hai kati ya wale wanne wa jaladani alikuwa Tommy peke yake, yule asiyekuwa mpiga ngoma. Julai mwaka huo huo naye akafariki.